Mkinikumbuka, Mcheke

9 Januari

Kwako Fundi, baba yake Mchwa,

Najua unaisomea wapi barua hii. Umekaa juu ya benchi lako la kurandia mbao, miguu inaning'inia, na penseli unaitafuta mfukoni. Angalia sikioni. Haya, sasa tusalimiane. Mimi sijambo, roho yangu iko kwenu tu.

Chumba chetu cha bweni ni kilekile, vitanda vinne, viwili juu na viwili chini. Mimi bado nalala juu na chini yangu yuko Mwalimu. Nilishakueleza habari zake: kwao alifundisha darasa la pili miaka tisa, na hapa tunafua naye shuka za hospitali. Hata shuka anazikunja kama anasahihisha madaftari. Pembe ikizidi kidogo, tunarudia. Shuka ikitoka kwenye pasi kubwa, ile ya roli mbili inayomeza shuka nzima na kuitema upande wa pili ikiwa ya moto, mimi nashika huku, yeye anashika kule, tunatembea mpaka tukutane katikati, tunarudi nyuma, tunakutana tena. Kutwa nzima ndiyo kazi yetu hiyo. Nimeshakutana na Mwalimu mara nyingi kuliko nilivyokutana na wewe tangu tuoane.

Sasa jambo lenyewe. Ule mswada wa wafanyakazi wageni umefika bungeni kweli, si porojo za foleni ya chakula tena. Ndani yake kuna kifungu cha tisa. Kinasema mfanyakazi mgeni aliye kwenye mkataba, akishatimiza miaka minne, ataruhusiwa kuleta mume au mke wake, na watoto walio chini ya miaka kumi na miwili. Mimi miaka minne naitimiza mwezi wa tano. Mchwa anafikisha kumi na miwili mwezi wa nane. Kikipita kabla wabunge hawajaenda mapumziko, ninyi wawili mnakuja. Kisipopita, basi. Mkataba niliousaini Septemba ni wa miaka mitatu, na pasipoti yangu iko kabatini kwa Msimamizi mpaka uishe. Nitarudi nimkute Mchwa ana miaka kumi na minne, msichana mzima, ananiamkia kama mgeni.

Najua hukutaka nisaini. Nisingesaini, leo ningekuwa hapo nakufagilia takataka za mbao. Lakini asiye na mkataba kifungu hakimhusu, na kila mtu hapa alisema kitapita. Nimecheza na bahati, Fundi. Niombee.

Mablanketi ya hospitali yakichakaa tunaruhusiwa kuyachukua. Nimepata moja la kijivu, zito, nataka nimshonee Mchwa koti, maana baridi ya huku haina adabu. Mpime uniletee vipimo. Usinikadirie, mpime.

Ni mimi,
Mama Mchwa

*

28 Januari

Mama Mchwa, mke wangu,

Penseli ilikuwa sikioni. Una uchawi wewe.

Vipimo hivi hapa, nimempima kwa futi yangu ya kazi amesimama kwenye mwimo wa mlango wa karakana, pale tunapomwekea alama. Urefu, sentimita mia moja arobaini na sita. Mabega, thelathini na sita. Mkono kuanzia begani mpaka kwenye kiganja, hamsini na mbili. Mbao safi, haina nundu wala ufa. Alipoona namwandika kwenye karatasi ya oda akaniuliza, "Baba, mimi ni kabati?" Nikamwambia ndiyo, kabati la mama yako. Akacheka mpaka akakaa chini.

Yuko mzima. Anakula, analala, shuleni anasonga mbele. Dada yangu anakuja kumsuka kila Jumamosi, na unamjua wifi yako, anasuka kichwa na kusuka maneno. Ila usiwe na wasiwasi.

Jambo moja tu. Juzi Mchwa ameniuliza kama huko unalia. Nikamwambia mama yako? Yule? Mtu aliyemfukuza fundi bomba kwa ufagio? Lakini niliona hakuridhika. Akasema, "Wewe umejuaje?" Hebu mwandikie yeye mwenyewe maneno mazuri, niwe namsomea. Na mimi niambie ukweli, kazi ikoje?

Wako,
Fundi

*

20 Februari

Mchwa wangu,

Mama yako ni mzima kabisa. Sina shida yoyote. Nakula vizuri, nalala vizuri. Kazi ni nyepesi, nyepesi kuliko kufua nguo za baba yako zenye gundi. Wenzangu wananipenda na mimi nawapenda, tunaishi kama ndugu. Silii, mwanangu. Nilie nini?

Usinihurumie. Wala usiwe na haraka na mimi, kukaa huku hakuniumizi. Wewe soma, ukue, mtunze baba yako asipoteze penseli.

Usishangae mwandiko, nimejifunza mpya.

Mkinikumbuka, mcheke.

Mama yako

*

14 Machi

Mama Mchwa,

Loo, mwandiko gani huo! Herufi zimesimama wima kama gwaride. Mimi miaka yote nasoma barua zako nimekunja uso kama nasoma karatasi ya dawa, kumbe ulikuwa unaniadhibu. Nimemsomea Mchwa mara ya kwanza, akataka mara ya pili, kisha akaichukua aisome mwenyewe. Sasa akinuna namsomea. Akigoma kuamka namsomea. Anaijua kwa moyo, na mimi naijua.

Kusema kweli hata mimi imenituliza. Nilikuwa nakaa roho juu. Ukisema huna shida nami nakuamini, maana hujawahi kunidanganya.

Halafu nimekufanyia jambo. Sikwambii. Ni jambo kubwa kidogo kwa mtu kama mimi ninayeshinda na msumeno, na siku ukilisikia utanisifu mpaka uchoke. Wewe subiri.

Koti limefika wapi?

Fundi wako

*

2 Aprili

Fundi wewe,

Unaona mwandiko umerudi wa zamani. Ule mpya umenichosha, vumilia. Na hilo jambo lako usiniambie kweli, napenda kuwa na kitu cha kusubiri ambacho si mswada.

Koti limebaki mikono na vifungo. Nashona polepole, usiniulize kwa nini. Vifungo amenipa muuguzi wa ghorofa ya tatu, vikubwa, vyeusi. Mama mwema sana yule, hupita kwetu kuchukua shuka mwenyewe na kutuletea maganda ya machungwa tuweke kwenye maji ya moto. Juzi akaniambia bila ubaya wowote, "Darasa la mwanangu lina watoto hamsini. Ninyi mkileta wenu, tutawakalisha wapi?" Nilitaka kumwambia wangu ni mmoja tu, mwembamba, atakaa popote. Lakini nilijua kila mmoja wetu anaye mmoja wa namna hiyo. Akanipa vifungo, tukaachana vizuri.

Msimamizi naye, ambaye babu yake alikuja nchi hii kuchimba mitaro kama sisi tulivyokuja kufua, ndiye anayepinga kuliko wote. Anasema mfanyakazi akiwa na familia hapa ataanza kuomba ruhusa, leo mtoto ana homa, kesho mtoto ana mkutano wa wazazi. Wallahi nilimsikiliza nikatamani. Homa na mkutano wa wazazi!

Sasa habari yenyewe. Kura ni tarehe kumi na saba. Chama cha wafanyakazi kimepata nafasi kumi kwenye roshani ya wageni bungeni, na wamechagua watu ambao watoto wao wanakaribia kupita umri. Mimi nimo! Mwalimu pia yumo, wa kwake ana miaka kumi na mmoja kama Mchwa. Nimeazima viatu. Vinabana, lakini nimekula kiapo nitavivaa. Wanaojua mambo wamehesabu wabunge mmoja mmoja, wanasema tuna kura za kutosha, kama nane hivi za ziada.

Mwambie Mchwa aanze kuaga. La, usimwambie. Mwambie.

Mama Mchwa

*

18 Aprili

Mke wangu! Mama Mchwa!

Naandika nimesimama, siwezi kukaa. Jana jioni dada yangu na majirani walijaa karakana, redio nimeiweka juu ya benchi. Ikafika habari za nje. Wakasema bunge la huko limejadili wafanyakazi wageni, na kwamba barua ya mama mmoja, dobi wa hospitali, aliyomwandikia mwanawe, imesomwa mbele ya wabunge wote na ikapigiwa makofi. Dobi wa hospitali! Aliyomwandikia mwanawe! Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye rafu. Umeme ukakatika hapohapo, kama kawaida yake, hatukusikia zaidi. Lakini tulikuwa tumeshasikia, watu wakaanza kunipa mkono.

Sasa nakwambia lile jambo. Mwezi wa tatu alikuja Wakala, yuleyule aliyekupeleka. Amevaa shati la kupigwa pasi, ana mkoba. Akasema wanakusanya barua za wafanyakazi kuzipeleka kwa wabunge wanaoshughulikia mswada, ili wabunge wawajue ninyi ni watu wa namna gani. Akasema asiyejulikana hahurumiwi. Nikafungua sanduku la barua zako zote. Nyingine umelalamikia baridi, nyingine umelalamikia foleni, nikaona hizo hazitakupamba. Nikampa ile nzuri kuliko zote. Yenye mwandiko. Mchwa alilia kidogo kwa kuwa ni yake, nikamwambia inakwenda kumfungulia njia ya kuja kwako, akakubali. Alikuwa ameshainakili kwenye daftari.

Kwa hiyo ni mimi, Mama Mchwa. Mimi fundi wa milango nimetia mkono kwenye sheria ya nchi za watu. Nisifu sasa.

Nimemtengenezea Mchwa sanduku la safari, la mbao, kona nimezipiga bati. Jana amewaaga wenzake darasani na mwalimu wao akawaambia wamwimbie.

Mumeo, mwenye nundu kichwani na furaha,
Fundi

*

18 Aprili

Fundi,

Kifungu cha tisa kimeanguka. Kwa kura sita tu.

Ngoja nikueleze yote, maana nisipokueleza wewe nitapasuka.

Roshani ya wageni iko juu, unawaona wabunge vipara vyao. Hairuhusiwi kusema, kupiga makofi wala kusimama. Tulikaa kumi kwenye safu moja, mimi na Mwalimu tumeshikana. Asubuhi yote mambo yalikwenda vizuri. Mama mmoja mbunge alisema sheria inayotaka mikono ya mtu ikamkataa mtoto wake ni sheria ya aibu, na wengi wakagonga meza. Nikaanza kuwaona mkishuka kwenye ndege, wewe na penseli yako.

Kisha akasimama mwingine, mrefu, wa miwani, sauti ya taratibu. Hakututukana. Afadhali angetutukana. Akasema, "Tumeambiwa wageni wetu hawa wanaumia kwa kutengana na familia zao. Mimi naheshimu wageni, kwa hiyo napenda tuwasikilize wao wenyewe." Akatoa karatasi. Akasoma kwa lugha yao, taratibu, na kadiri alivyosoma nilihisi kama mtu ananivua nguo. Sina shida yoyote. Nakula vizuri, nalala vizuri. Kazi ni nyepesi. Nikasema moyoni, hapana, kila mtu huandika hivyo, ni ya mtu mwingine. Akafika kwenye nguo zenye gundi. Wabunge wakacheka, cheko zuri tu, la kupenda. Akasoma, "Wala usiwe na haraka na mimi, kukaa huku hakuniumizi." Akavua miwani. "Mama huyu hana haraka," akasema. "Sisi haraka yetu ni ya nini?" Akainua karatasi waione. "Tazameni mwandiko huu. Huu ni mwandiko wa mtu aliyetulia." Wakampigia makofi.

Mwandiko huo ni wa Mwalimu, Fundi. Aliutambua kutoka juu kule, akaniachia mkono.

Wiki ya kwanza ya Februari pasi ya roli ilinishika. Shuka ilijikunja, nikaingiza vidole kuinyoosha, Msimamizi alikuwa ameondoa kile chuma cha kuzuia ili kazi iende haraka. Nimeungua mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo. Vidole viwili vya mwisho vimekunjamana, havinyooki tena. Nilikuwa kitandani, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, barua yako ikaja, Mchwa anauliza kama nalia. Nilikuwa nalia hapohapo. Nikamwomba Mwalimu aandike nitakayosema. Kila sentensi alisimamisha kalamu akaniangalia. "Niandike hivyo kweli?" Nikasema andika. Tulipomaliza akasema, "Wanafunzi wangu wangeandika insha kama hii ningewapa sifuri." Tukacheka.

Nilitaka kupiga kelele ni yangu, ni uongo, nilimwandikia mtoto! Roshani hairuhusu sauti. Nikainua mkono, huuhuu, angalau wauone. Askari wa roshani akaja akaushusha taratibu. Alifikiri naomba kwenda chooni, akanionyesha mlango.

Mswada wenyewe umepita. Wataongeza wafanyakazi wageni, wengi tu, ila waje peke yao. Wanasema wabunge kama saba hivi walibadilisha mawazo baada ya ile barua. Mwalimu hajanilaumu hata neno moja. Leo tumekunja shuka, tumetembea tukakutana katikati, na hakuniangalia usoni. Mtoto wake naye ndiyo hivyo tena.

Nani alitoa barua yangu nyumbani kwetu? Nimemshuku wifi, Mungu anisamehe, kwa ule mdomo wake. Nimewashuku majirani. Nimemshuku hata mtu wa posta. Ni wewe tu ambaye sijakushuku, na ndiyo maana nakuandikia wewe.

Usimwambie Mchwa kwanza. Nitafute maneno.

Mama Mchwa

*

4 Mei

Fundi,

Barua yako ya tarehe kumi na nane imefika. Nimeisoma mara moja.

Usiniandikie kwa sasa.

Mama yake Mchwa

*

22 Mei

Mama Mchwa,

Umeniambia nisiandike, nimekaa siku tatu na barua zako mbili, ile ndefu na ile fupi. Ile fupi ndiyo nzito. Nipige, nitukane, lakini kunyamaza siwezi. Nimeshindwa.

Nilikwenda ofisini kwa Wakala. Ana kiyoyozi sasa. Nikamwambia umesema unazipeleka kwa wabunge wanaoshughulikia mswada. Akasema, "Si walikuwa wanaushughulikia? Wengine kuupitisha, wengine kuuzuia." Akaniambia wenye viwanda na hospitali za huko ndio waliomtuma, wanapenda mfanyakazi asiye na mtoto wa kuombea ruhusa. Alisema bila aibu, na kikombe chake cha chai mkononi. Nikamwuliza kwa nini ile. Akasema, "Ulinipa wewe." Na kweli nilimpa mimi. Katika barua zote, zile za kulalamika ndizo zilizokuwa na wewe ndani. Nikaziacha sandukuni.

Nilisema hujawahi kunidanganya. Mimi nilikuwa nakudanganya. Sasa nakutolea yote.

Mchwa si sentimita mia na arobaini na sita. Ni mia na thelathini na tisa. Niliongeza saba. Alama yake mlangoni imesogea upana wa kidole kimoja tu tangu mwaka jana, na niliona aibu ukione kipimo, useme baba mtu ameshindwa hata kumlisha. Anachokoa chakula, anakisukuma pembeni, anasema ameshiba. Silali mpaka alale, na halali. Hukaa anaangalia dari. Siku ile ya "Baba, mimi ni kabati?" hakucheka mpaka akakaa chini. Alikaa chini tu. Nilikuandikia hivyo ili ucheke. Hilo koti unalolishona kwa mkono huo, mke wangu, litamfika kwenye magoti.

Na huo mkono wako. Nimekaa na vidole vyangu vyote kumi navitazama. Mimi kila siku nachezea msumeno na sina hata kovu, wewe umekwenda kufua shuka.

Nilijaribu kumficha Mchwa kama ulivyosema. Nikamwambia safari imeahirishwa. Akaniuliza, "Kwa sababu ya barua yangu?" Kumbe dada yangu alishasikia kwa watu, akasema mbele yake akimsuka. Hakulia. Aliinuka nusu ya kichwa kimesukwa, nusu bado, akaingia karakana, akatoa vitu vyake kwenye lile sanduku la safari kimoja kimoja, akavirudisha rafuni. Shuleni amegoma kurudi wiki nzima kwa kuwa alishaimbiwa wimbo wa kuaga. Jumatatu nikampeleka nimemshika mkono, na pale mlangoni kuna mtoto akasema, "Umesharudi?" Mama Mchwa, nilitaka ardhi inimeze.

Leo ameniomba karatasi na kalamu. Nikasema niandike mimi, wewe useme. Akakataa. Amejifungia karakana, ameharibu karatasi tatu, ya nne ndiyo hii ndani ya bahasha. Hakutaka niione, ameifunga kwa gundi yangu ya mbao, utahitaji patasi kuifungua. Sijaisoma. Nimemwuliza amekuandikia nini, akasema, "Ukweli." Nikamwambia vizuri, mama yako anautaka huo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Miaka miwili na miezi minne imebaki, nitakuomba nikiwa mbele yako. Andika ukiweza. Andika vibaya, kwa mwandiko wako mbaya.

Fundi

*

22 Mei

Mama,

Mimi ni mzima kabisa. Sina shida yoyote. Nakula vizuri, nalala vizuri. Shule ni nyepesi. Wenzangu wananipenda na mimi nawapenda, tunaishi kama ndugu. Silii, Mama. Nilie nini?

Koti mpe mtoto wa Mwalimu akija siku moja, huku hakuna baridi. Sanduku langu Baba anawekea misumari, linafaa sana.

Usinihurumie. Wala usiwe na haraka na mimi, kukaa huku hakuniumizi. Baba namtunza, penseli nimemfungia kamba.

Usishangae mwandiko, nimejifunza mpya.

Ukinikumbuka, ucheke.

Mwanao,
Mchwa